Mlango wa Ukumbini

"Mama, mlango huu wa ukumbini tuuache?" fundi aliuliza.

Zuleha alikitazama chumba ambacho mumewe alikitenga kwa ajili ya mke wa pili. Ukuta wa upande wa chumba chake mwenyewe Zuleha ulikuwa umeshatobolewa mlango. Bomba la kutundikia mabaibui lilikuwa tayari, na rafu nazo. Upana wa rafu aliupima mwenyewe kwa doti ya khanga iliyokunjwa.

"Ziba," alisema.

Mumewe aliporudi kutoka msikitini, matofali ya mlangoni yalikuwa yanamfika kifuani. Akachungulia kwa juu.

"Bibi weye, sasa mke mwenzio ataingilia wapi?"

"Chumbani kwangu, mume wangu. Apige hodi tu."

Zuleha akainama, akaokota tofali jingine, akampa fundi.