Mahali pa Fundi Sulaimani

Watu wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kufunga mnyororo kwenye bampa, lori lao linanguruma, ndipo sauti ikatoka chini ya gari.

"Ngojeni! Huku kuna mtu!"

Okwir akainua mkono, lori likanyamaza. Ikajitokeza miguu, kisha tumbo, kisha fundi mzima, amejaa grisi hadi kwenye nyusi.

"Habali, afande," akasema bado amelala chali. "Mimi Sulaimani. Gali hii haijafa."

"Nani amekuita?"

"Mimi," akajibu Lanyero kutoka mlangoni. Alishika kikombe cha chai, na chai yenyewe haikuwa ya Okwir.

Gari lilikuwa la marehemu Odyek, mume wa Lanyero, mdogo wake Okwir. Lilikuwa limekaa uani pale Kasubi mwaka na miezi, kuku wakitagia chini yake. Okwir, sajenti wa jeshi katika kambi ya Mbuya, alimzika mdogo wake bila chozi, na tangu siku ile kitu kifuani kilikuwa kimekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Hakulichukia gari. Hakuchukia wala kupenda chochote. Aliona tu kwamba linajaza ua.

"Likitoka hilo," Lanyero akasema, "na mimi natoka kwa geti hilo hilo. Utabaki na kuku."

Okwir hakutaka kelele. Akampa fundi hadi Jumamosi ijayo: injini ikiwaka, gari linabaki. Isipowaka, vyuma.

Jumanne akapita kukagua. Boneti iko wazi, Sulaimani ameshika bisibisi kama fimbo ya mwalimu.

"Watu wanaogopa hii kwa sababu ni sirinda tano," akasema. "Nne wanazijua. Sita wanaziheshimu. Tano wanauliza, huyu wa katikati mtoto wa nani?"

Akaeleza bila kuombwa. Zinawaka moja, mbiri, nne, tano, tatu. Kwenye injini ya nne, mmoja anamaliza kusukuma ndipo mwenzake anaanza. Kwenye ya tano, mwingine anashika mzigo kabla wa kwanza hajauachia, pengo hakuna.

"Chuma yake ngumu kweri. Ukimwaga oili kwa wakati, inakwenda kiromita laki nne. Inaogopa kitu moja, mkanda wa mbele. Ukikatika, pistoni zinapiga valvu, kwisha. Lakini huu haukukatika. Panya wamekula waya, petroli imeoza. Gali ilikaa tu bila mtu, afande. Kukaa bila mtu ndiyo kunaua."

"Na gereji yako iko wapi? Umemwachia nani?"

"Iko Kamwokya, lakini imepigwa alama nyekundu, inabomolewa. Balabala inapanuliwa."

Alhamisi Okwir alikuta ovaroli ya fundi imepigwa pasi, na nywele zinang'aa mafuta ya kunukia. Injini gani hii, akajiuliza, inayotengenezwa kwa marashi? Lakini hakulifuata swali lake. Siku hizi hakufuata kitu.

Jumamosi lori la vyuma likaja na kusimama getini. Sulaimani akaketi kwenye usukani, akasoma bismillahi, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa. Ikashika kwa silinda nne, gari likitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kisha ya tano ikaingia, na ua mzima ukajaa ule mngurumo wa ajabu ajabu, ambao kwa miaka kumi ulikuwa na maana moja tu: Odyek amefika, fungua geti.

Okwir akasimama akingoja uchungu, kama mtu anayengoja chakula alichoagiza hotelini. Haukuja. Akawaambia wa lori waende zao.

"Sasa, fundi, nikupe nini?"

Sulaimani akapangusa mikono, kidole kwa kidole.

"Pesa sitaki, afande. Tuongee habali ya mahali."

"Mahali?"

"Mahali. Mimi mtu mzima. Siwezi kuingia nyumba ya watu hivi hivi bila mahali. Si heshima."

Kweli, Okwir akawaza, gereji bila mahali ni kuhangaika tu. Na ukuta wa kule nyuma unakaa bure.

"Umemwambia Lanyero?"

"Nimemwambia. Amesema wewe ndiyo mkubwa."

"Unataka mahali pakubwa?"

"Kadiri ya uwezo wangu, afande. Mimi si tajiri. Nitakuja na wazee, tuisemee pamoja."

Watu hawa hata kigingi hawapigi bila kamati, akawaza Okwir.

"Kama ni mahali tu, mimi sina neno," akasema. "Lanyero! Mpe. Mpe hata leo."

Lanyero alikuwa amewapa mgongo. Alizaliwa hapo hapo Kasubi, akacheza na watoto wa Baganda hadi akaota ndoto kwa Luganda, na matamshi yao hayakumchanganya. Sasa mabega yalimtikisika. Analia, Okwir akasema moyoni, na akamwonea wivu.

Jumapili akaja kutoka Mbuya na futi ya utepe na vigingi vinne. Akapima kando ya ukuta, mita sita kwa nne, akapiga kigingi cha kwanza.

Geti likafunguka. Wakaingia wazee wa kanzu na koti, wakaingia wanawake wa magauni ya gomesi na vikapu vyao, mmoja akipiga vigelegele. Nyuma yao Sulaimani, kanzu nyeupe, msafi hadi kwenye nyusi. Akapita moja kwa moja hadi kwa Okwir, akapiga magoti kwenye vumbi, akamkabidhi jogoo mwekundu kwa mikono miwili.

"Mahali ndiyo hii, shemeji. Ng'ombe wanakuja nyuma."

Okwir, futi mkono huu, jogoo mkono ule, akamgeukia Lanyero. Alikuwa amesimama mlangoni na gomesi mpya.

"Si wewe," akasema Lanyero, "uliyesema nimpe hata leo?"