Nyekundu ya Wakubwa

Kwa maneno ya Bi Qiao, jirani anayejua ya kila nyumba, bahati ya Yunniang ilianzia sokoni. Msimamizi wa jumba la akina Meng alisimama kununua andazi la mvuke, akamkodolea macho binti wa muuzaji mpaka andazi likapoa mkononi. Jioni posa ya mwana wa Meng ikafika.

"Binti wa muuza maandazi kuvaa nyekundu ya wakubwa!" Bi Qiao alisema, kajiachia mlangoni kwa Lanzhi, mshonaji. "Mimi nikiigusa tu rangi hiyo, nachapwa. Bluu yangu hii iliyopauka, naenda nayo kaburini."

Sindano ilimchoma Lanzhi. Alikifyonza kidole upesi, damu isidondokee hariri.

"Na bwana harusi?" aliuliza.

"Si kapona! Ile harufu ya dawa ilikuwa inavuka ukuta wao kila asubuhi. Sasa hamna. Shona vizuri, mwanangu. Unakumbuka ulipokuwa unajifunza, ukaweka kamba za kufungia upande wa kushoto kama nguo ya maiti? Nikakwambia, we mtoto, utamzika mteja angali hai!"

Alicheka mpaka akakohoa.

Siku ile ya kuleta hariri, msimamizi alikuwa amemwinamia na kumnong'oneza sharti la nguo. Kisha akasema kwamba kaka yake Lanzhi, aliyechukuliwa kujenga ukuta wa mpakani, angeweza kurudishwa. Lanzhi aliitikia kwa kichwa.

Kaka alisharudi. Alikuwa nyuma ya pazia, viganja vimechubuka, anakoroma.

Bi Qiao alipoondoka, Yunniang akaja kujaribu nguo. Aliwapapasa ndege wa dhahabu kifuani taratibu, kama wangeruka.

"Dada Lanzhi, ni mimi huyu? Mama akiniona atalia."

Akavuta nguo aifunge. Mkono ukatafuta kamba chini ya kwapa la kulia, ukatafuta tena. Akatabasamu, akashusha sauti asimwaibishe mwenzake.

"Umechoka, dada. Kamba umeziweka kushoto. Nihamishie basi, wabebaji wa machela ya harusi wanakuja kunichukua jioni hii."

Nyuma ya pazia, kaka alijigeuza usingizini.