Fuvu la Shujaa

Simba alivuka bahari kuja Bara Hindi kununua pilipili, akabaki kutawala. Alimpima Nyati fuvu kwa kamba, akamwambia, "Sayansi inasema umezaliwa shujaa. Punda yule kazaliwa kubeba mizigo." Nyati akavimba kichwa, akavishwa koti jekundu, akapewa usubedari, cheo kikubwa kuliko vyote vya wenyeji, ila ilimbidi ampigie saluti hata mwana wa Simba aliyeshuka melini jana.

Siku moja akaamriwa kuwafukuza bwawani wanyama waliogoma kunyang'anywa maji. Akachungulia bondeni. Wa mbele kabisa alikuwa mama yake mzazi.

"Huyo simpigi pembe, afande," akasema.

Simba hata hakukasirika. Alimvua koti, akampima Punda fuvu. "Sori, sayansi imesonga mbele. Shujaa ni wewe, Punda. Nyati ni mwoga wa asili."

Punda akasimamisha masikio, akalivaa koti linaloburuzika chini.

"Usiende, ndugu yangu," Nyati akamsihi. "Maneno hayo hayo niliambiwa mimi."

"Najua," Punda akajibu, akifunga vifungo. "Kwako walikosea."

Akashuka bondeni kumfukuza mama yake Nyati.