Sita, Watatu Kila Upande

Mtu mwenye suti nyeusi alipima mlango wa ukumbi kwa futi ya chuma, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Sita, watatu kila upande. Watapita vizuri."

"Asante," alijibu Hillechien Wubs, akamtilia supu ya njegere.

Geert Bolhuis, fundi baiskeli mstaafu, alisahau kutafuna. Alikiona kidude kilichochomekwa sikioni mwa yule mtu. Aliliona na gari pale nje, refu, jeusi, vioo vyake vya giza. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiyo siku ya kujitolea, ambapo Waholanzi nchi nzima hushika brashi na reki, na watu wa familia ya kifalme nao huenda mahali kupaka rangi. Wapi, haisemwi mpaka dakika za mwisho.

Kwa miaka arobaini Hillechien amewafuata watu hao kwa treni, na kiti chake cha kukunja. Wodi ya watoto ikifunguliwa, yupo. Shule ya vipofu ikizinduliwa, yupo. Madaftari yake yamejaza kabati: nani alikata utepe, alizungumza na wagonjwa wangapi, na siku kumi kabla yake walitangulia kina nani kukagua mahali. Kijijini kwetu tulimcheka kwa hilo, na Geert ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Miaka yote hiyo unawafuata," alizoea kumchokoza. "Wao wanakujua hata jina?"

"Wasinijue. Mimi nawajua."

Siku hiyo Geert hakuchokoza. Alingoja yule mtu amalize bakuli la pili na kuondoka. "Ni binti mfalme, siyo?" alinong'ona.

"Nani kasema?"

"Hao sita ni walinzi. Mimi si mtoto, bibi wee."

"Geert, kula supu yako. Na nakuomba usimwambie mtu."

Kumwambia Geert maneno hayo ni kama kupiga kengele ya kanisa. Kufika jioni, kijiji kizima cha Nieuw-Wiersum kilikuwa na habari.

Ukumbi wenyewe unaitwa De Ketel. Wazee arobaini hula hapo kila mchana, na wengi wao wasipokuja hapo hawasemi na mtu mpaka kesho yake. Paa lilikuwa likivuja mwaka wa tatu huo. Ni paa la halmashauri, na Hillechien ameandika barua kumi na tisa kuomba litengenezwe. Jibu lilikuja moja tu: kwa kuwa paa ni bovu, ukumbi utafungwa tarehe mosi Aprili. Hasira iliyompanda siku ile hata leo haijashuka. Aliitia barua hiyo kwenye fremu, akaitundika mlangoni, juu ya ndoo ya kukingia maji.

Alhamisi meya alikuja mwenyewe, Bwana Dijkema, ambaye hatukuwa tumemwona humo tangu uchaguzi.

"Mama Wubs," alianza, akitabasamu meno yote, "nasikia tutapata mgeni."

"Mimi sijaambiwa lolote, Bwana Meya."

Meya alikonyeza jicho. Anajua kuwa wanaoambiwa huamriwa kusema hivyo hivyo.

"Naelewa, naelewa. Lakini hiyo barua, tuiondoe basi. Haipendezi."

"Inapendeza sana. Ndicho kitu cha kwanza anachokiona yeyote anayeingia."

"Mama, tusikomoane."

"Wewe umenikomoa miaka mitatu. Wazee wangu wamekula na miavuli, Bwana Meya, na hukuja hata kuchungulia. Barua yako itatoka hapo siku nitakapopata nyingine ya kuweka mahali pake."

Meya alitazama ndoo. Tone likaanguka ndani yake, tap, na lingine likafuata.

Jumatatu mafundi wa paa walifika kabla hata mkate haujaiva. Ijumaa walishuka na ngazi zao, na barua mpya ikaletwa, yenye muhuri na sahihi ya meya: De Ketel itabaki wazi miaka kumi, na paa ni jukumu la halmashauri. Hillechien aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Kisha akaitoa ile ya zamani kwenye fremu.

Jumamosi ilinyesha. Ndani hapakudondoka hata tone. Meya alivaa mkufu wake wa cheo na kuwapanga watoto wa shule na bendera, bila kuagizwa na mtu. Geert alinyoa. Hillechien peke yake alivaa aproni yake ya kila siku, akasimama chini ya fremu, mikono kifuani.

Saa tano na robo lile gari refu jeusi liliingia taratibu, likasimama mbele ya mlango. Watoto wakapunga bendera. Dereva, yule yule wa suti nyeusi, alishuka, lakini meya hakumngoja. Alikimbilia mlango wa nyuma, akaufungua kwa mikono yake mwenyewe, akainama.

Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Palikuwa na boksi la tishu na shada la maua meupe.

Yule mtu alimpita meya, akavua koti lake jeusi, akalitundika, akakunja mikono ya shati na kuchukua brashi.

"Unisamehe, shangazi," alimwambia Hillechien. "Mazishi ya asubuhi yamechelewa kwisha, na wale sita wabeba jeneza nimewaacha makaburini."