Mfanyakazi Wetu Haonekani

Jumamosi asubuhi, Chebet alipoingia kusafisha mabafu ya kambi, alimkuta msichana amejikunyata nyuma ya mlango.

Chebet na mumewe ni wauguzi Jidda, Saudia. Kila wikendi hujitolea kuwahudumia watu wanaopiga mahema katika hifadhi hii ya pwani. Msichana alikuja na familia moja kulea watoto, na sasa familia ilikuwa inafungasha.

"Dada, wewe ni Mkenya?" alinong'ona. "Waache waende kwanza. Tafadhali."

Mkono wake ulikuwa na jeraha la kuunguzwa kwa pasi, na alama ya ncha ya pasi ilionekana vizuri karibu na kiwiko. Chebet aliliangalia kiuguzi. Lilikuwa la siku nne hivi, na halikuwahi kufungwa bandeji.

"Kaa hapo hapo. Usitoe sauti."

Nje, Chebet alimnong'oneza mumewe mahali msichana alipojificha, na mara baba wa ile familia akawafikia.

"Mfanyakazi wetu haonekani. Mmemwona?"

"Hapana," Chebet alijibu. "Labda ameenda ufukweni."

Yule baba akatoa simu.

"Basi naita polisi. Wakague kila mtu hapa, na ikama zenu pia."

Ikama ya mumewe, yaani kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa imeisha muda tangu mwezi uliopita, na kafili, mwajiri anayemdhamini, hakuwa ameihuisha. Mumewe alitazama chini.

"Yuko bafuni," alisema. "La mwisho, kushoto."

Chebet aligeuka kukimbilia kule, lakini mumewe akamdaka mkono. Hakuuachia mpaka waliposikia mlango wa bafu ukigongwa.