Hodi ya Kilio

Milango yetu hii hufunguka kwa hodi ya kweli tu. Mwanzoni watu walijirekodi wakipiga hodi kwa machozi kwenye nyumba za wazazi waliofariki, nasi tukalia nao. Baadaye wakaanza kulipigia hodi friji, wakijiliza, tukacheka mpaka basi. Milango ilijifunza kwetu.

Leo Zuhura amerudi kutoka dukani akakuta moshi unapenya kwenye nondo za dirisha. Ndani mwanawe, Heri, anamwita.

"Hodi! Hodi jamani!" Zuhura analia.

Mlango unaangua kicheko.

"Usilie, mwanangu," jirani yake, Bi Mwanakombo, anamsihi. "Ukilia hautakuamini."

Zuhura anafuta machozi, anajilazimisha kutabasamu.

"Hodi," anasema taratibu.

"Karibu," mlango unajibu.

Heri ameshaacha kuita.