Ekzosi Mbili

Gari lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, la zamani kuliko fundi mwenyewe. Ekzosi yake, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeoza. Fundi Kisaka aliweka ekzosi mbili chini, moja nene na nyingine nyembamba, akamwambia Bi Zuwena achague.

"Nataka ile sauti aliyokuwa akija nayo marehemu mume wangu."

Kisaka alifunga ile nene, akawasha gari. Bi Zuwena alisikiliza, akatikisa kichwa. Kisaka akafunga nyembamba. Bi Zuwena akatikisa kichwa tena, safari hii polepole. Miaka thelathini na mmoja aliisikia sauti hiyo kila jioni, na sasa hakuijua.

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema mwishowe. "Sikuwahi kuisikia nikiwa karibu hivi."

Basi akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa gereji. Kisaka alitoka na gari hadi kwenye kona, akarudi. Akabadilisha ekzosi, akaenda tena, akarudi tena. Alipozunguka ukuta alimkuta palepale, ushungi umekaa vizuri kichwani.

"Ni ipi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Ulipokuja na ya kwanza, mkono ulipanda wenyewe kutengeneza ushungi, kama zamani. Ya pili, vilevile."

"Sasa nifunge ipi?"

Bi Zuwena aliulegeza ushungi, akaugeukia ukuta.

"Yoyote," alisema. "Nenda kwenye kona, uje tena."